Nguo Ikipanda Nyuma, Tazama Mbele

Saa nne na dakika kumi asubuhi, vyerehani kumi na moja vinanyamaza kwa pamoja. Kwa muda mfupi kinachosikika ni pasi ya mvuke ikihema kwenye kona. Kisha nayo inazimwa.

Mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni anatoka nyuma ya meza ya kukatia. Anainama kutoka nyongani, mgongo umenyooka kama rula, anashika mfuko uliojaa mabaki ya vitambaa na kuuvuta hadi ubavuni. Anaushusha polepole. Anauvuta tena.

“Moja,” anasema, na wenzake kumi na watatu, kila mmoja na mfuko wake, wanavuta. “Mbili. Babu Pasi, usirushe mabega. Mfuko hauna haraka.”

“Mfuko hauna haraka, mimi ninayo,” anajibu mzee wa meza ya pasi, na chumba kinacheka.

Zikitimia kumi, mifuko inatua sakafuni na watu wanagawana milango na nguzo. Kila mmoja anaegemeza mkono kwenye mbao, kiwiko usawa wa bega, anatanguliza mguu mmoja na kuacha kifua kifunguke. Hakuna anayeruka wala kujisukuma. Wanahesabu hadi thelathini, wanabadili mkono, kisha wanairudia mifuko.

“Kaza nyuma, legeza mbele,” anasema mwanamke yule, kwa sauti ya mtu anayejisomea kipimo. “Basi. Hakuna siri nyingine.”

Hapa karakanani wanamwita Sentimita. Ana umri wa miaka arobaini na saba. Alishona kwa cherehani miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia kwenye meza ya kukatia, na jina hilo alipewa kwa sababu hakubali neno “karibu sawa”. Ukimwambia mkono wa shati umezidi kidogo, atakuuliza kidogo ni ngapi.

Siku tuliyomtembelea haikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa siku ya thelathini, ya mwisho katika majaribio aliyokubaliana na mwenye karakana, ambaye wote humwita Tajiri. Makubaliano yaliandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na mlango: dakika kumi za mazoezi kila asubuhi, ilimradi mashati ya sare za shule yasipungue mia moja na themanini kwa siku. Jioni hiyo Tajiri angepita na kuamua kama dakika zile zibaki au zirudi kwenye kazi.

“Nikienda nyumbani nakuta sufuria, nakuta nguo za kufua, nakuta mume anauliza miwani yake iko wapi na iko kichwani kwake,” anasema Sentimita. “Sitafanya zoezi. Nitalala. Zoezi langu linaishi hapa. Likifukuzwa hapa, limekufa.”

*

Maumivu yalimwanzia katikati ya mabega, miaka sita iliyopita, kama mtu aliyesahau pini ndani ya blauzi. Yalipanda shingoni. Baadaye mkono wa kulia ukakataa kupita juu ya bega, na ili kuchukua jora la kitambaa kwenye rafu ilimbidi apande stuli. Mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote alikosa kazi siku arobaini na moja, na kwa mtu anayelipwa kwa siku, hizo ni siku arobaini na moja bila ujira.

Alifanya kama wengi wetu tungefanya. Palipouma ndipo alipopashughulikia. Aliinama mbele ili kuuvuta mgongo. Alijikumbatia na kujipinda. Usiku alimwomba mumewe, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba, amkandamize kwa goti.

“Nilikuwa nasikia raha kweli,” anakumbuka. “Raha ya dakika ishirini. Asubuhi naamka nimekunjika kuliko jana.”

“Akitembea ungedhani ameangusha sindano,” anasema mumewe, ambaye alifika mchana kumletea mkewe funguo na akakaa kuliko alivyokusudia. “Namwambia, mama watoto, inua uso, sindano nitakununulia nyingine.”

“Na wewe ulikuwa unafurahia kunikanyaga.”

“Mara moja tu. Siku ile uliyounguza shati langu.”

Aliyemfungua macho hakuwa daktari, wala mtu yeyote. Ilikuwa nguo yake mwenyewe.

Sentimita huhifadhi karatasi za kukatia, zile za rangi ya kaki ambazo fundi huziweka juu ya kitambaa kabla ya kupitisha mkasi. Anazo tangu ujana, zimekunjwa na kuandikwa tarehe. Miaka miwili hivi iliyopita alitaka kujishonea gauni. Uzito wake haukuwa umebadilika, kiuno kilikuwa kilekile, kwa hiyo hakujipima. Alichukua karatasi ya gauni alilojishonea miaka ishirini kabla ya hapo, akaikatia kitambaa kipya.

Gauni lilikataa. Nyuma lilipanda, pindo likaning’inia juu kama pazia lililofungwa vibaya. Mbele kitambaa kilijaa kikafanya makunyanzi chini ya mifupa ya shingo.

“Nikalaumu kitambaa,” anasema. “Nikasema hiki kimerudi nilipokilowanisha. Nikanunua kingine, nikakata tena, karatasi ileile. Lilelile. Fundi wa miaka yote hiyo, nguo za watu nazipima mara mbili, yangu sikuipima hata mara moja. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi hata kujipapasa sikujipapasa.”

Alimpa mumewe tepu. Mpaka rangi huyo, ambaye hupima kuta, alipima kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, kisha upana wa mgongo, kisha upana wa kifua. Sentimita akachora karatasi mpya na kuilaza juu ya ile ya zamani sakafuni.

Mgongo ulikuwa umerefuka kutoka sentimita thelathini na tisa hadi arobaini na mbili. Ulikuwa pia umepanuka sentimita tatu. Kifua kilikuwa kimepungua kutoka thelathini na tatu hadi thelathini.

“Nilikaa pale chini,” anasema. “Sikulia. Nilikaa tu nikaziangalia. Mtu haongezeki mgongo akapungua kifua. Nilikuwa nimejishona upya bila kujua, kidogo kidogo, kila siku niliyoinamia meza.”

Kisha akasema jambo ambalo amelirudia kwa kila fundi anayemsikiliza. Nguo ikipanda nyuma, fundi mgeni hukimbilia kurefusha nyuma. Fundi mzoefu hutazama mbele kwanza, kwa sababu mara nyingi mbele ndiko kunakovuta.

“Mgongo ulikuwa unalia, lakini aliyekuwa anaukaba ni kifua. Na mimi nilikuwa kila siku nauvuta mgongo ambao ulikuwa umevutika tayari. Ni kama kitambaa kimelegea unaendelea kukivuta, unategemea nini?”

*

Alizikunja karatasi zote mbili, akaziweka kwenye mfuko na kwenda nazo zahanati. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyempokea, kijana mwenye sauti ya taratibu, anasema hajawahi kuletewa maelezo ya ugonjwa ya namna ile.

“Wagonjwa huniambia panauma hapa, wananionyesha kwa kidole,” anasema. “Huyu alitandaza makaratasi juu ya kitanda changu. Nikaona kazi yangu imeshafanywa nusu.”

Alimweleza kwamba misuli mingi hufanya kazi kwa jozi. Mmoja ukivuta, mwenzake wa upande wa pili hulegea ili kumpisha. Mtu akiinama miaka mingi, wa mbele hufupika na wa nyuma huchoka kwa kuvutwa. Kwa hiyo aliyechoka aimarishwe na aliyefupika anyooshwe, mmoja baada ya mwingine. Msuli wa nyuma ukishakaza, wa mbele hukubali kufunguka kwa urahisi kidogo, na mtu anayepumzisha mgongo wakati ananyoosha kifua hapotezi muda.

“Lakini sipendi watu wachukue hii kama dawa ya kila mgongo,” anaonya. “Kunyoosha kusifike kwenye maumivu. Na mwenye ganzi inayoshuka mkononi aje aonwe kwanza.”

Sentimita alimwona mara tatu tu. Mengine aliyajaribu mwenyewe na kuyaandika kwenye daftari la mistari, lililo na safu ya tarehe, ya zoezi, na ya “mwili umesemaje”. Tulifungua ukurasa mmoja bila kuchagua. Uliandikwa: “Mfuko mzito mno, shingo imekasirika. Punguza vitambaa nusu.”

Mwishowe alibaki na jozi tatu. Ya kwanza ni ile ya mfuko na mlango. Ya pili ni ya nyonga, kwa wanaokaa kutwa: mtu anashika meza, anarudisha mguu nyuma ukiwa umenyooka hadi makalio yakaze, mara kumi, kisha anapiga hatua ndefu, anakunja goti la mbele na kuacha nyonga ya mguu wa nyuma ifunguke. Ya tatu ni ya mikono inayoshika mkasi. Vidole vinavishwa kipande cha lastiki ya kiunoni na kutanuliwa dhidi yake, halafu kiganja kinavutwa nyuma taratibu kwa mkono wa pili.

Lastiki hazinunuliwi. Zinatoka kwenye mabaki ya kaptura.

Baada ya miezi minane mkono wake ulilifikia jora la juu bila stuli. Wenzake waliona. Wa kwanza kuomba afundishwe alikuwa fundi wa cherehani cha nne, msichana aliyeolewa mwaka jana na kubaki na jina la Bibi Harusi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi ikifika alasiri.

“Nilimwambia dada, nifundishe leo leo,” anasema Bibi Harusi. “Akaniambia, kwanza zahanati. Nikanuna wiki nzima. Nikaenda, wakaniangalia, wakaniruhusu. Sasa hivi nashona kola hadi jioni na vidole navihisi vyote vitano.”

“Vilikuwa vingapi mwanzo?” anauliza Babu Pasi.

“Vinne na cha kuazima.”

Babu Pasi naye alikuwa na njia yake. Ana miaka sitini na moja na anajivunia kifua chake. Aliposikia habari ya mazoezi, alianza kupiga pushapu kati ya meza, ishirini kila mapumziko, huku akiwahesabia wanawake kwa sauti. Wiki ya tatu alishindwa kuvaa koti bila kusaidiwa.

“Nilimuuliza swali moja tu,” anasema Sentimita. “Babu, kutwa unasukuma pasi. Ukipumzika unasukuma sakafu. Utavuta lini?”

Kesho yake mzee alikuja na mfuko wake wa vitambaa, ameushonea mishikio miwili ya kamba ngumu. Ndio mfuko mzuri kuliko yote karakanani, na hamwazimi mtu.

*

Wiki ya kwanza ya majaribio ilikuwa mbaya. Ubao uliandikwa mia moja sabini na moja, kisha sabini na tatu. Watu walichelewa kurudi kwenye vyerehani, wengine walicheka kuliko kunyoosha. Sentimita hakugomba. Alikata muda wa kugombea milango kwa kumpa kila mtu nguzo yake, akaandika majina kwa chaki. Wiki ya pili ubao ulirudi mia moja themanini na haukushuka tena.

Hadi siku ya thelathini. Saa saba na nusu mchana, mkanda wa cherehani cha tisa unakatika. Mkanda wa akiba ni mfupi. Fundi anaufunga kwa kamba, unashika, unaachia, unashika tena. Wenzake wawili wanagawana kazi yake, lakini kila mtu ana macho mawili, moja kwenye mshono na moja kwenye ubao.

“Tuache jozi ya tatu kesho, tufidie mashati ya leo,” ananong’ona mmoja.

“Kesho ipo?” anajibu Bibi Harusi.

Sentimita anaendelea kukata. Mkasi wake hauongezi mwendo. Tunamuuliza kama ana wasiwasi.

“Ninajua tulichofanya,” anasema. “Nimekihesabu. Asiyekihesabu ndiye mwenye wasiwasi.”

Saa kumi na moja jioni Tajiri anaingia. Ni mtu mnene kiasi, mpole, aliyewahi kuwa fundi kabla ya kuajiri mafundi. Amevaa koti la kijivu ambalo kola yake inasimama mbali na shingo, kana kwamba limetundikwa juu yake. Anawasalimu wote, anasoma ubao.

“Mia moja sabini na sita.”

Babu Pasi anainamia waya wa pasi ambao hauna tatizo lolote.

“Mkanda ulikatika, tajiri,” anasema fundi wa cherehani cha tisa.

“Nimesikia. Mkanda hukatika. Lakini tulisema themanini.”

Sentimita anakwenda chini ya meza na kutoa kapu la plastiki. Kila fundi wa karakana hiyo analichukia kapu hilo. Ndimo huwekwa mashati yenye kola iliyopinda au mkono ulioshonwa nyuma mbele, ili kesho yake yafumuliwe na kushonwa upya. Anamimina yaliyomo mezani. Yanaanguka mashati mawili.

“Tajiri, kabla ya mazoezi kapu hili lilikuwa na mangapi kwa siku?”

Tajiri anakuna kidevu. “Kumi. Kumi na mawili.”

“Kumi na mawili, na mengi ya alasiri, mikono ikishachoka. Yalikuwa yanahesabiwa kwenye themanini yako, halafu kesho tunayafumua bila kuyaandika popote.” Hapandishi sauti. “Leo umepata mia moja sabini na manne ya kuvaliwa. Mwezi uliopita ulikuwa unapata mia moja sitini na manane. Mimi sikuombi. Nakupimia.”

Tajiri anachukua moja ya mashati yale mawili, analigeuza, analitazama mshono kama mtu aliyekumbuka kazi yake ya zamani. Halafu anauliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

“Na hili koti langu. Mafundi watatu wamelipunguza kola. Kwa nini bado linasimama?”

Wanawake wanatazamana. Inaonekana ni jambo ambalo limejadiliwa siku nyingi bila mwenyewe kuwapo.

“Watatu wote walikosea,” anasema Sentimita. “Koti halina kosa, kwa heshima yako. Ni shingo ndiyo imelitoroka.”

Kicheko kinaanzia kwa Babu Pasi na kuizunguka karakana. Tajiri mwenyewe anacheka, mkono kisogoni, anajipapasa pale ambapo kola haigusi.

“Dakika nane,” anasema hatimaye. “Kumi ni nyingi. Nane, kila siku, na zifuteni ubaoni, si majaribio tena.”

“Na mkanda mpya.”

“Na mkanda mpya.”

Bibi Harusi anapiga kigelegele kifupi, anakikatiza mwenyewe, anakumbuka vyerehani havijafunikwa. Sentimita tayari amechukua daftari lake na kalamu. Jozi ya kwanza dakika nne, anaandika. Ya pili nne. Ya tatu itafanyika watu wakiwa wamekaa, wanaposubiri pasi ipate moto.

“Ulitaka kumi,” tunamkumbusha.

“Mkataji hupewa kitambaa kilichopo,” anasema. “Kazi yangu ni kukipanga kitoshe.”

*

Nyumbani kwake, chumba cha mbele kina cherehani kimoja, kochi na kabati lenye kioo. Karatasi mbili za kaki zimebandikwa nyuma ya mlango, ya zamani na ya miaka miwili iliyopita. Kati yake ameongeza ya tatu, aliyoichora wiki hii baada ya mumewe kumpima. Mgongo umerudi hadi arobaini. Kifua kimefika thelathini na mbili.

“Imebaki sentimita moja mbele na moja nyuma,” anasema mumewe, ambaye siku hizi anaitaja namba hiyo kama mtu anayetaja matokeo ya mpira.

Binti yao mkubwa anamaliza masomo ya uuguzi baada ya miezi mitano. Sentimita amenunua kitambaa cha gauni la siku hiyo, cha buluu, na hadi hapo hakuna cha ajabu. Tunapoomba kukiona, analeta vipande. Ameshakikata.

Amekikata kwa karatasi ya zamani, ile ya miaka ishirini na miwili iliyopita.

Anakishika kipande cha mgongo mbele ya mwanga wa dirisha, anakilaza juu ya meza, anapitisha kiganja kuondoa mkunjo. Tunamuuliza kwa nini hakusubiri ajue mwili wake utakuwa umefika wapi.

“Kitambaa kikishakatwa hakirefuki,” anasema. “Na mimi sasa sina pa kurudi. Nina miezi mitano na dakika nane.”

Anavikunja vipande vya buluu, anaviweka kabatini. Kisha anakwenda mlangoni, anaegemeza mkono kwenye fremu, anatanguliza mguu, na kuanza kuhesabu.